Chai ya Simiti

Matheka alikuwa amechonga twiga wa mbao kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote patasi haikuwahi kumtetemeka mkononi. Sindano ya paka ndiyo iliyomtetemesha.

Paka mwenyewe aliitwa Simiti, kwa rangi yake. Mkewe Matheka, marehemu Ndindi, ndiye aliyemwokota mtaroni nyuma ya nyumba yao mtaani Jericho. Alipofariki, aliwaacha wawili hao wakitazamana. Kisha Simiti akaanza kukonda. Alikunywa maji hadi bakuli likakauka, akakojoa kila kona, miguu ya nyuma ikalegea. Daktari wa mifugo, Nduta, alimpima damu akasema ni kisukari.

"Atapona?"

"Ataishi, Mzee, ukiwa na subira. Sindano asubuhi na jioni, akishakula. Mpe nyama ya kuchemsha, asiguse vyakula vya wanga wala vitamu. Na kila anayemlisha ajue."

Matheka aliitikia. Anayemlisha alikuwa yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani. Majirani hakuwaambia kitu. Mzee mzima anamdunga paka insulini, na hapo hapo Jericho kuna watu wanaoruka siku katika dawa zao kwa kukosa pesa! Wangemcheka; na wasiocheka wangemtazama, jambo ambalo lingemuuma zaidi. Basi kila saa moja asubuhi alifunga mlango, akavuta pazia, akashika ngozi ya shingo ya Simiti na kuomba mkono utulie. Alipomaliza alifungua mlango, paka akatoka kuota jua.

Hata sukari aliitoa nyumbani. Akawa anakunywa chai chungu.

Lakini kipimo cha sukari hakikushuka. Ishirini na mbili, ishirini na nne. Daktari akapandisha dawa kutoka yuniti moja hadi mbili, kisha tatu.

"Una hakika hali kitu kingine?"

"Atakila wapi, daktari?"

Ramadhani iliingia Jumatano. Ijumaa, saa nne asubuhi, Matheka alikuwa kibarazani akipiga msasa shingo ya twiga alipomwona Simiti akiyumba kama mlevi. Paka alianguka ubavu, taya zikimtetemeka. Matheka alimtoboa sikio, akapata tone la damu, akalipima. Mbili nukta moja. Alimpigia daktari.

"Sukari imeshuka mno! Mpake asali kwenye ufizi, au maji ya sukari. Sasa hivi, halafu umlete."

Nyumbani hapakuwa na hata chembe. Alimbeba paka mikononi, akaupiga teke mlango wa jirani yake Amino, muuza vitambaa.

"Mama Kawsar! Sukari!"

Amino alitoka akijifunga shungi. "Baba Ndunge, umepata wageni?"

"Ya paka!"

Alimtazama paka, akakimbilia ndani. Alirudi na kikombe cha maji ya sukari, akapiga magoti, akawa anachovya kidole na kumpaka Simiti kwenye ufizi, kidogo kidogo. Matheka alimshika kichwa. Hatimaye ulimi ukasogea, ukalamba kidole.

"Maskini, ni njaa," Amino alisema. "Siku tatu hajapata chai yake."

"Chai gani?"

"Ya asubuhi. Ukifungua tu mlango wako, huyo kwangu. Namlowekea anjera, mkate wetu laini, kwenye chai tamu ya maziwa, analamba mpaka sahani inang'aa. Tangu Ndindi atutoke nilisema huyu ni yatima. Sasa tumefunga, asubuhi hatupiki chai."

Matheka alikaa chini sakafuni. Dawa ilikuwa imepandishwa ili ipambane na chai hiyo. Chai ilipokoma, dawa haikushushwa.

"Ana kisukari, Mama Kawsar. Mimi humdunga sindano."

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita hii."

"Wiki sita! Mimi namlisha sukari, na wewe umejifungia ndani na pazia kama mpika pombe ya chang'aa? Wallahi tulidhani umepata mwanamke!"

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka. Halafu?"

Matheka alimfunika Simiti kwa shati lake, akampeleka kwa daktari, naye akamwagiza aruke sindano ya jioni hiyo na kesho yake aanze upya na yuniti moja.

Aliporudi, mstari mzima wa nyumba ulikuwa umeshajua. Amino alikuwa ametangaza mlango kwa mlango: asionekane mtu akimpa Simiti hata makombo. Kesho yake jioni alikuja na nyama ya kuchemsha, akangoja paka ale, kisha akamshika. Mlango ulikuwa wazi.

"Daktari wa paka!" mtu alipiga kelele kutoka uani, wengine wakaangua kicheko.

Mkono wa Matheka ulitetemeka kidogo. Sindano ikaingia.

Adhana ya magharibi ililia. Amino alikimbilia tende zake, Simiti nyuma yake, mkia juu. Paka alifika hadi kizingitini akaketi, akitazama birika.

"Wewe umeshakula," Amino alimwambia, akarudisha mlango. "Nenda kwenu."