Bomba Hupimwa kwa Maji Mengi

Hakuna bomba lililowahi kumshinda Fundi Bomba, na kama lilikuwepo, mwenyewe hajawahi kulitaja. Mwanamume alikuwa na kifua kama kabati, na mdomo mkubwa kuliko hicho kifua. Aliyemshinda ni mkewe, tena bila kumgusa.

Ilianzia sokoni. Mama wa watu anachagua vitunguu, mara moyo ukamwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikagoma, akajua ndiyo basi, anakufa. Hakufa. Daktari alimpima, akasema moyo ni mzima. Huu ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, unatibika pole pole, awe anakuja kliniki. Kuja ndiko kulikoshindikana. Aliogopa soko, akaogopa barabara iendayo sokoni, mwisho akaogopa geti lake mwenyewe.

Basi Fundi akawa mume na mke kwa mkupuo. Sokoni yeye, harusini yeye, msibani yeye, peke yake kama mgane. Akiulizwa mkewe yuko wapi, anajibu ana mafua. Mafua gani ya miaka miwili? Majirani wakaamua mwanamke anaringa. Nyumbani nako, akitaka kwenda kazini anashikwa shati: "Usikawie." Akikawia, ugomvi. Akiwahi, wanaumalizia ugomvi wa jana.

Sasa, Fundi alijua jambo moja tu duniani. Ukishaunga bomba, hulibembelezi; unafungulia maji yote kwa mpigo, likivumilia limepona. Jumamosi akamwambia mkewe watembee hadi kona tu, kisha warudi. Akaapa. Mke akavaa viatu vilivyoota ukungu, akatoka amemng'ang'ania mkono, anatetemeka, lakini anakwenda. Walipofika kona, Fundi hakugeuka. Alimvuta hadi katikati ya soko, penye watu kama siafu, akamwachia mkono, akajitenga kando ya duka la ndoo aone kama atavumilia.

Hakuvumilia. Alishuka chini kati ya magunia, akimwita mumewe kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Alipomkimbilia kumwinua, alisukumwa. Mke alirudi nyumbani akipapasa kuta, na mume nyuma yake akiuomba mgongo wake msamaha.

Keshoye dada mtu akaja na gari la kumchukua.

"Shemeji, ndiyo umemtupa dada yangu sokoni?"

"Nilitaka apone."

"Wewe ukiumwa jino, tukupige ngumi?"

Fundi, na mdomo wote ule, akasogea kando, akampisha.

Mke alitoka chumbani na sanduku. Akampita mumewe kama anavyopita kiti. Akafika getini, akashika komeo. Gari liko pale pale nje, mlango wazi. Akaliachia komeo. Akarudi ukumbini, akapumua, akaenda tena, akarudi tena. Dada mtu alipomshika kiuno amsaidie, alilia aachwe. Dada akasubiri mpaka akachoka, akaondoka anajifuta machozi kwa mtandio.

Mke akakaa juu ya sanduku, jasho linamtiririka. Fundi akachuchumaa mbele yake. Moyoni, aibu tupu, alikuwa anashukuru.

"Umebaki, mke wangu."

"Usijidanganye. Nimekuacha tangu jana. Ni miguu tu haijapata habari."

"Nipige basi. Nitukane."

"Nikutukane unipe nini?"

Fundi akaunyoosha mkono taratibu. Mke akaukwepesha wake, akaushika mpini wa sanduku kwa mikono yote miwili.

Wakakaa hivyo hadi kibaridi cha jioni kikaingia. Kisha mke akaomba dawa ya kichwa, kwa kuwa ndani ya nyumba hapakuwa na mwingine wa kuombwa. Fundi akaileta kiganjani. Mke akakichukua kidonge kwa ncha za kucha, asije akamgusa.