Mbabula Ndani ya Schaerbeek

Akina mama wa kikundi chetu cha sala wameniomba niandike ushuhuda huu, kwa sababu niliposimama kusema mbele yao nilisahau katikati nikaketi. Kusahau huko nako kumetokana na ugonjwa wenyewe, mtaona. Naitwa Maman Sifa. Nasafisha ofisi katika yale maghorofa ya vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord, na nakaa Schaerbeek, hapa Brussels, na binti yangu Grâce, ghorofa ya pili. Kabla ya haya nilikuwa mtu mwenye nguvu zake. Nilipanda ngazi na mfuko wa viazi huku naimba. Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu, wivu, na huo hakuna anayeupeleka kwa daktari.

Wivu wangu ulikuwa na jina, nalo ni Halyna. Alikuja kukaa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu, vita vilipoingia kwao Ukraine. Jamani, mapokezi! Bendera zilitundikwa madirishani barabara nzima. Bibi wa ghorofa ya chini, Mbelgiji mstaafu anayetutunzia funguo za akiba, alimpandishia mablanketi, sufuria, hata keki. Karatasi zake za ukaazi zilitoka upesi. Mimi nilipokimbia vita vya kwetu Masisi nikafika hapa na Grâce akiwa mdogo, tulilala kwenye benchi za stesheni, na karatasi nilizingoja hadi mtoto akang'oka meno ya utoto. Vita vyangu hakuna aliyevitundikia hata leso.

"Vita ni vita, hapana?" nilimwambia Grâce. "Juu ya nini yake iko na bendera na yetu hapana?"

"Maman, acha. Ule mwanamuke hakukufanyia kitu."

"Sijasema alinifanyia. Mi nasema banamupenda sana."

Hata hivyo nilikuwa nikimsikiliza, maana tulikutana kwenye ngazi na Kifaransa chake kilikuwa kibovu kama changu cha siku za kwanza. Aliniambia kwao matope ya masika na ya vuli huzamisha vifaru, hivyo jeshi hungoja. Ardhi ikiganda ikawa ngumu, magari yanapita hata katikati ya mashamba. Kwa hiyo watu wa mji wake walitazama kipimo cha baridi kila asubuhi, na kikishuka sana walifunga mabegi. Tena adui alingoja baridi ikaze ndipo apige mitambo ya umeme, ili maji yagande kwenye mabomba na wazee watetemeke vitandani. Baridi ikawahamisha watu kabla askari hajafika.

Nilimwambia kwetu ni kinyume. Mvua kubwa ndiyo inatulinda, kwa sababu barabara za milimani zinakuwa uji na malori ya askari yanakwama. Kiangazi kikifika, tunaanza kulala na viatu. Lakini mvua hiyo hiyo inawakuta watu kambini chini ya mahema ya plastiki, na watoto wanakohoa na kuharisha hadi wanakwisha. Halyna alitikisa kichwa. Nilidhani ananipuuza, nikaingia kwangu na kufunga mlango kwa kishindo.

Basi mwaka jana, baridi ilipokaza, chaudière ya jengo, ule mtambo unaopasha joto nyumba zote, ikafa. Mwenye nyumba hakupokea simu. Nilibandika utepe mpana kwenye kila ufa wa madirisha, nikavaa sweta juu ya sweta. Jumapili baada ya misa, Grâce akiwa ametoka, nikasikia hatua za bibi wa chini zinapanda ngazi. Nilijua amebeba radiator ya umeme ya kupashia chumba joto, nilisikia waya wake unaburuzika. Moyo wangu ukaruka: leo ni zamu yangu! Hatua zikapita mlangoni pangu, zikaenda juu. Sitawaficha, nilichukia hadi nikasikia ladha chungu mdomoni.

Punde Halyna akashuka, akagonga. "Sifa, njoo kwangu. Kuna joto. Kuna chai."

"Merci," nikamwambia. "Mi niko na yangu."

Yangu ilikuwa mbabula, lile jiko letu la bati la makaa, tunalochomea samaki wakati wa joto. Kule Goma, mji wa karibu na Masisi, tuliishi katika nyumba ya mbao, na jioni tulikuwa tukiingiza mbabula ndani bila shida. Mama alinifundisha kuiwasha nje, kupepea, na kungoja makaa yawe mekundu kabisa. Moshi ukiisha, alisema, sumu imeisha. Nikafanya vile vile, nikaiwasha kwenye balcon, roshani yetu ndogo, nikapepea kwa kadibodi, nikangoja. Makaa yalipokuwa mekundu, safi, hayana hata uzi wa moshi, nikaiingiza sebuleni, nikaweka sufuria ya maharage juu yake na kufunga mlango wa balcon. Chumba kikapata joto. Nilifurahi kwa ubaya: sasa aje aone.

Kichwa kikaanza kuniuma kwenye paji. Nikasema ni hasira. Kisha kichefuchefu, nikasema ni soseji za asubuhi. Niliinuka kukoroga maharage, magoti yakalegea kama si yangu. Nilitapika juu ya kitenge changu cha misa. Masikio yalivuma. Hapo nikasikia mlango unagongwa na sauti ya Halyna: "Sifa! Makaa? Unawasha makaa?"

Ningeweza kujibu. Pumzi nilikuwa nayo bado. Lakini niliwaza, huyu amekuja kunionesha joto lake, nikanyamaza makusudi. Nilipobadili nia, mdomo haukufunguka tena. Nilianguka kati ya kiti na ukuta, nikajikojolea, nikaona mwanga unakuwa mdogo. Niliwaza Grâce atanikuta hivi, nimelowa.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Halyna alikuwa amesikia harufu ya makaa ngazini. Kwao, umeme ulipokatwa, majirani waliwasha makaa ndani ya fleti kwa sababu ya baridi, na dada yake alikutwa amekufa, amekaa kitini, mashavu mekundu kama ya mtu mwenye afya. Kwa hiyo hakungoja adabu. Alishuka mbio kuchukua ufunguo kwa bibi wa chini, akafungua, akapasua dirisha kwa sufuria yangu ya maharage, akaniburuta kwa kwapa hadi ngazini.

Niliamka na barakoa ya oksijeni. Daktari, mama mmoja kijana, alisema, "Madame, hewa ya sumu iliyokuangusha haina harufu wala rangi. Makaa mekundu ndiyo yanaitoa. Moshi hauhusiki."

"Lakini kwetu, kwenye nyumba ya mbao, hatukufa," nikamwambia.

"Nyumba hiyo ya kwenu ilikuwa na nafasi kati ya mbao?"

Nikakumbuka upepo uliokuwa ukipita kati ya mbao hadi unazima mshumaa. Nikakumbuka na utepe wangu. Nililia.

Waliniingiza kwenye chumba cha chuma kinachobana hewa, ili oksijeni iifukuze ile sumu mwilini, masikio yakauma vibaya. Nilipotoka nilikuwa hai ila si mzima. Kijiko kilitetemeka mkononi. Nilimwita Grâce kwa jina la marehemu dada yangu. Nilisahau nambari ya tramu ninayopanda kila siku, nikasimama kituoni nikilia kama mtoto aliyepotea. Yalipungua polepole, kwa miezi.

Na wivu? Haukufa na ile hewa. Halyna alipokuja kunitazama wodini, muuguzi alimshika mkono akamuuliza habari za vita vyake. Mimi niko pale na sindano mkononi. Nilikaribia kufa, na bado habari ikawa yake! Muuguzi alipotoka, Halyna akaketi kitandani kwangu, akaniuliza, "Na kwenu, mvua imeanza?"

Kumbe siku ile ngazini alikuwa amesikia. Tangu nifike Brussels hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, hata mmoja.

Namshukuru Mungu, na wale madaktari, na dada huyo. Ninyi mnaosoma, mbabula ibaki nje, hata ikiwa haina moshi. Msizibe kila ufa. Nunueni kile kidude cha ukutani kinacholia hewa ikiharibika. Na mtu akikuita kwenye joto lake, panda ngazi, hata kama umenuna. Nuna huko huko juu, ukinywa chai.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Asubuhi Halyna hufungua simu na kutazama hali ya hewa. Anasoma kwanza mji wake: imeganda, anasema, anakunja uso. Halafu anasoma Masisi. Sisi bado ni wa pili, na inaniuma, siwezi kudanganya.

"Mvua," ananiambia. "Mvua nyingi, siku nzima."

"Asante Mungu," namjibu. "Leo hawatapita."