Gitaa Lililovuka Ukuta

Watu husema kumpigia mbuzi gitaa ni kazi bure. Mimi nimeishi Garissa miaka ya kutosha kumjua mbuzi, na nawaambia mbuzi anasingiziwa. Mbuzi akisikia sauti ngeni husimamisha masikio, hugeuza kichwa, na hata akiwa na jani mdomoni huacha kutafuna kidogo. Wateja wa klabu yetu hawakuacha kutafuna.

Niliimba pale Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine nilikuwa nauza mitumba sokoni, kwa hiyo msidhani nilikuwa msanii wa kuonewa wivu. Mimi ni Mpokomo, kwetu ni huko chini mtoni, na Garissa nilikuja kumfuata mume ambaye baadaye alifuata mambo yake. Sauti ninayo, ya wastani. Ukiniita harusini nitakuchangamshia harusi, basi, usinitafutie makubwa.

Klabu yenyewe haikuwa na bango. Mji wetu ni wa Waislamu, pombe inauzwa kwa kuvumiliwa tu, nyuma ya mageti ya mabati yasiyoandikwa kitu, karibu na nyumba za serikali. Wanywaji ni watu wa dauni Kenya, kama wenyeji wanavyowaita: askari, makarani, walimu, madereva wa malori, watu walioletwa na uhamisho na ambao kila siku wanaomba uhamisho mwingine. Masharti ya kuvumiliwa tuliyajua bila kuandikiwa. Muziki ulianza baada ya sala ya alasiri, na adhana ya magharibi ikikaribia tunazima kila kitu. Ukuta wa upande wa jirani, bosi wa klabu alikuwa ameuegemezea magodoro makuukuu ili sauti isitoke. Joto la mle ndani, Mungu mwenyewe anajua.

Tulikuwa wanne. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipiga ngoma, karani mmoja alipiga kinanda, mimi niliimba, na gitaa lilikuwa la fundi. Tulimwita fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa ule aliyatengeneza yeye.

Alikuwa ametokea magharibi mwa nchi, lakini kabla ya Garissa alikaa Hagadera miaka mingi, kule kwenye kambi ya wakimbizi, akichomelea milango na mikokoteni ya punda sokoni. Jioni alikuwa akikaa kwenye vibanda vya chai akiwasikiliza wazee wa Kisomali wakipiga kaban, ile ala yao ya nyuzi yenye tumbo la duara. Hakuna aliyemfundisha. Alisikiliza tu, akirudi chumbani anazitafuta zile sauti kwenye gitaa lake mpaka zikakubali. Gitaa hilo lilivunjika shingo juu ya lori siku anahamia mjini. La pale klabuni lilikuwa la bosi, linafungiwa stoo Jumapili jioni na halitoki hadi Jumamosi. Hakuwa na jingine la kugusa.

Msimfikirie kuwa mtu wa upole. Loo! Alikuwa na majivuno huyo! Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kola inakata, viatu vinang'aa katika vumbi lile, na mwalimu wa ngoma akikosea alimtukana hapo hapo, kipaza sauti kikiwa wazi. Lakini mikono yake, jamani. Siku ya kwanza niliyoimba naye nilifika mwisho wa ubeti, nikamwachia nafasi, akaichukua. Kuna sauti moja aliishika akaikawiza, akaikawiza, hadi nikadhani ameisahau, halafu akaiachilia mahali ambapo sikuwa nimejua kuwa pana njia. Nilisahau kuingia na ubeti wa pili. Nilisimama na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, mtu mzima mimi.

Katikati ya nyimbo, nikipumzika kunywa maji, wenzetu nao walipumzika, yeye akabaki peke yake. Hapo ndipo alipopiga vile vitu vya Hagadera, polepole, bila ngoma. Sijui kusoma muziki na sitajifanya ninajua. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nakunywa maji bila kumeza.

Na wateja je? Wateja walikuwa wanatazama mpira. Walikuwa wanagombania mfupa. Walikuwa wanaeleza jinsi mkubwa wao wa kazi alivyo mbaya. Siku moja fundi alikuwa ndani kabisa ya kile kipande chake, macho ameyafumba, na askari mmoja akaja hadi mbele, akainama kwenye sikio lake. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo amepatikana binadamu. Baadaye nikamwuliza fundi aliambiwa nini.

"Ameuliza geti lake litakuwa tayari lini."

Jumamosi moja uvumilivu ukanishinda. Nikashika kipaza sauti nikawaambia, "Ndugu zangu, hebu nyamazeni kidogo tu mumsikilize huyu mtu." Walinyamaza, nisiwasingizie. Walinyamaza kwa muda wa mtu kupenga kamasi. Halafu dereva mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, imba ile ya kutingisha! Hii ni ya kulala!" Wakacheka wote, na bosi akacheka nao, maana bosi hucheka na mwenye pesa. Nikaimba ile ya kutingisha. Ningefanya nini?

Fundi alikuwa akiwatazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko. Akimaliza kupiga, macho yake yalipita meza hadi meza akitafuta uso mmoja tu uliosikia. Hakutaka soda yao wala bahashishi. Alitaka kujua. Na miezi ilivyopita, yale majivuno nikaona yanapungua. Akaanza kuja na shati lenye mikunjo. Mwalimu akikosea, kimya. Siku moja tumekaa nje kwenye kivuli cha tangi la maji akaniambia, "Dada, labda mimi ni wa kawaida tu. Watu wote hawa hawawezi kuwa viziwi."

"Wanaweza," nikamwambia. "Mbona hilo ni jepesi?"

"Wewe ni rafiki yangu. Rafiki hahesabiwi."

Kuanzia hapo nikamsikia akipiga kama anayeomba radhi, haraka haraka, apite. Siku nyingine gitaa lenyewe lilimzidi nguvu akarudia ule upigaji wake wa polepole, lakini nilijua mtu yule yuko karibu kuwaamini wale walaji wa mifupa. Niliogopa. Sikuogopa atafukuzwa, niliogopa atajiona si kitu.

Jumatatu moja nilipitia klabuni mchana kuchukua kanga yangu niliyoisahau. Bosi alikuwa amekaa na karatasi zake za hesabu. Geti likagongwa. Alikuwa ni jirani, yule mama wa upande wa magodoro, mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Hakukubali kuingia, si mahali pake. Alisimama kwenye kizingiti na jilbabu lake, na bosi akaniita nisimame karibu, isije ikasemwa vingine.

"Assalamu alaykum," akasema. Tukaitikia. Bosi jasho limeshamtoka, maana neno moja la mama yule kwa wazee wa mtaa, klabu imekwisha.

"Jirani, kelele mimi nimesoea," akasema. "Jenereta yako nalala nayo. Ngoma yako du-du-du, nalala nayo. Huyu abaayo akiimba," akaninyooshea kidole, "mimi nafua nguo yangu, sina shida."

Asante sana, nikasema kimoyomoyo.

"Lakini iko ule mtu moja wa gitaa. Ule anabiga bole bole, beke yake. Ule siyo kelele. Ule anaingia kwa nyumba." Akaurekebisha ushungi. "Baada ya alasiri mimi nakaa na tasbihi yangu. Ule mtu anaansa, tasbihi inasimama kwa mkono. Nakumbuka kwetu Tarbaj. Nakumbuka ngamia ya baba yangu yote imekufa na ukame. Nakumbuka mama yangu. Nalia, wallahi. Mimi mtu msima nalia, na mtoto ya binti yangu ananiulisa, ayeyo, nani amekufa?"

Bosi alipumua kama aliyetuliwa mzigo. "Pole sana, mama. Nitapunguza sauti. Leo leo."

"Haifai. Ukibungusa nasikilisa saidi." Akatikisa kichwa. "Huyo mtoe. Wengine wote wakae, sina neno. Mimi siendi kwa chifu, nimekuja kwako kama jirani."

Akatuaga kwa adabu, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeganda pale na kanga yangu. Mtu! Hatimaye mtu! Nyuma ya ukuta wa mawe, nyuma ya magodoro, mwanamke ambaye hajawahi kuuona uso wa fundi, alikuwa amesikia kila kitu.

Bosi hakuchelewa. "Huyo ataondoka."

Nikamrukia. Nikamwambia tugeuze spika, tuongeze magodoro, apige kabla ya alasiri, apige bila umeme. Nikamwambia anatupa dhahabu jalalani. Alinisikiliza hadi nikaishiwa, halafu akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Wewe, tangu umeanza kuimba hapa, umewahi kumsikia mteja hata mmoja akimtaja?"

Nikawapitia wateja wote kichwani, meza hadi meza. Hata mmoja. Ukweli mwingine ni wa kumpiga mtu kibao.

Fundi aliambiwa uongo. Aliambiwa gitaa limeharibika, limepelekwa Nairobi, likirudi ataitwa. Hakubisha. Aliondoka bila hata kuuliza limeharibika nini, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata karani alibonyeza kitufe kwenye kinanda, kikatoa sauti ya gitaa, ile ya bati bati. Niliimba nikiwatazama. Nilikuwa nasubiri mmoja aulize. Mmoja tu, jamani, hata mlevi. Nikimaliza wimbo nanyamaza kidogo pale alipokuwa akipiga peke yake, ili waone shimo. Walijaza shimo kwa mazungumzo. Nilipomaliza, karani mmoja wa ofisi ya kaunti, ambaye siku zote hukaa mbele kabisa, magoti yake yanakaribia kugusa spika, akaniita.

"Leo mmepiga safi sana. Kuliko siku zote."

"Hujaona kuna mtu amekosekana?"

Akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja. "Wa ngoma yuko. Wa kinanda yuko. Wewe uko. Kwani kuna mwingine?"

"Mpiga gitaa."

"Mpiga gitaa yupi?"

"Fundi!"

"Fundi wa mageti?" Alishangaa kwa dhati, sikuona mzaha usoni. "Kwani yeye huja hapa?"

Nilitoka nje nikatukana tangi la maji. Nilimtukana yule karani wa kaunti, nikamtukana bosi, na nakiri nilimtukana hata yule mama. Alikuwa na masikio kama yale, na kazi aliyoyapa ni hiyo! Wiki iliyofuata gitaa likatolewa stoo likatundikwa juu ya friji na maua ya plastiki shingoni, eti pambo. Watu wakapiga nalo picha.

Hapo nikasema potelea mbali. Nikafunga meza yangu ya mitumba mapema nikaenda kwenye banda la fundi. Nikamkuta amechuchumaa akichomelea kitanda cha chuma, miwani myeusi usoni. Nikamwambia yote, kwa hasira, bila kupanga maneno: gitaa halikwenda Nairobi, jirani amekuja, bosi ameogopa, wewe umefukuzwa.

Akavua miwani. "Alikuja kulalamikia kelele?"

"Hapana. Kelele alisema hana shida nazo. Mimi ndiye kelele. Alikuja kwa ajili yako."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye tasbihi akanishika mkono, mkono wake una joto la moto wa kuchomelea.

"Ilisimama?"

"Ndivyo alivyosema. Ilisimama mkononi."

"Na akalia?"

"Akalia. Mjukuu wake akadhani kuna msiba."

"Ilikuwa ile ya polepole."

"Ile ile. Akasema hata ikipunguzwa sauti ndiyo anazidi kusikiliza."

Fundi alikaa chini, kwenye vumbi na vipande vya chuma, bila kujali suruali yake. Nilitegemea atukane. Nilikuwa nimekuja tayari kumsaidia kutukana. Badala yake akaniambia nirudie, toka mwanzo, kwa maneno ya yule mama mwenyewe, nisiruke kitu. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia kwa ghadhabu, naye ametulia, amefumba macho vile vile alivyokuwa akiyafumba klabuni.

"Twende kwa bosi," nikamwambia. "Au twende kwa mama mwenyewe, tumwombe. Ana moyo, ataelewa."

"Muache," akasema. "Anataka kumaliza tasbihi yake. Muache aimalize."

"Na wewe je?"

Akasimama, akajipangusa vumbi, akanitazama kwa yale majivuno yake ya zamani, yote, hakuna lililopungua.

"Mimi sasa najua. Hata nisipopiga tena, sawa tu."

Mimi sikuona sawa, na hadi leo sioni. Hajapiga tena.