Mawese Kwenye Milango ya Kamiyo

Kamiyo letu, lori kuukuu, lilikuwa na milango miwili, na yote miwili ilinishinda kwa mdomo. Ukifungua, ililia kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa. Ukifunga, ilipiga paa, kama bunduki. Wakati wa amani hiyo ni kelele tu. Lakini hii ilikuwa vita. Siku moja pale kwenye kizuizi cha njia ya Ruziba, mume wangu aliubamiza mlango wake kama alivyozoea, na askari watano wakalala mtaroni pamoja na vyeo vyao. Walipoinuka na matope puani, mkubwa wao akasema, "Muzee, ukirudi na mulango ule ule, kamiyo inabaki hapa."

Kamiyo lile ndilo lililotulisha. Tulibeba mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Ruziba, tukauza Nyakabiga mjini. Likichukuliwa, tumekwisha.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari ya watu wote isipokuwa la kwake. Kwa miaka nilimsema kuhusu ile milango, hakusikia. Ilibidi aambiwe na mwenye bunduki. Basi akakata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, akavigandisha kuzunguka fremu. Kishindo kikaisha, ukifunga unasikia puf, kama mtu mnene anakaa kwenye godoro. Ukabaki ule mlio wa bawaba. Grisi haikupatikana mjini, bidhaa hazikuwa zikiingia. Nikaenda jikoni, nikatoka na chupa ya mawese, nikazimiminia bawaba bila uchoyo, kama ninavyounga maharage. Zikanyamaza. Nikajiona fundi.

Ilikuwa Ramadhani, na jua la saa nane halina huruma. Mawese yakalainika, yakaanza kutiririka. Tulipofika kizuizini, mume wangu akafungua mlango, kimya kabisa, akatabasamu. Mkubwa wa askari hakutabasamu. Alikuwa anaangalia mchirizi mwekundu ulioteremka mlangoni mpaka kwenye kikanyagio.

"Mumebeba nani humo?"

"Hakuna mutu, shefu. Ni mawese."

"Kama ni mawese, lamba."

Mume wangu akanyoosha mgongo. "Apana. Mi nimefunga."

Bunduki ikainuka. Mwanaume huyu, ambaye Ramadhani iliyotangulia nilimkuta nyuma ya gereji na andazi shavuni, siku hiyo ndiyo aliyoichagua kuwa walii.

Nikashuka. Nikapitisha kidole kwenye ule mchirizi, nikalamba, nikameza pamoja na kutu yake.

"Umeona? Imepungua chumvi tu. Na we lamba, mwanangu, usiniache peke yangu kwenye dhambi."

Askari akalamba. Akafikiri. Akalamba tena.

"Munanunua wapi hii?"

"Ruziba."

"Ni nzuri," akasema, akaishusha bunduki na kutupungia mkono tupite.

Hatujafika hata daraja la kwanza, mume wangu akaanza. "We mama, umekula mchana. Hiyo siku utailipa."

Nikamwambia Mungu anajua kilichonilisha, na kwamba yeye aangalie barabara.

Baada ya Idi niliilipa kweli, peke yangu, huku yeye anakula wali mbele yangu na kuniuliza kama bawaba zilikuwa tamu. Kamiyo lilikuwa uani, letu bado, na kesho yake tulikuwa na mihogo ya kubeba.