Nilikubali Kuwa Mulozi Ili Hugues Apumue

Siku ile nilisimama mbele ya kanisa nzima nikasema kwa kinywa changu: ndiyo, mimi ni mulozi. Mimi ndiye ninamuroga bwana yangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Sijaroga hata kuku.

Ninaitwa Stéphanie. Nilivuka ziwa Mweru nikikimbia vita kwetu Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Mantapala na mama. Kule nikaolewa na Hugues, Mukongomani mwenzangu. Tukapanga nyumba Kashikishi, kule Nchelenge, maana Hugues alipata kazi ya kusaga kwa kigayo, mashini ya unga, ya ba Kaoma; 'ba' ni heshima kwao.

Kule watu wanakula mihogo. Kutwa nzima mihogo mikavu inaingia mashini, mingine imeota ukungu mweusi, na vumbi linajaza kile chumba mpaka humuoni mutu aliye mbele yako. Hugues alikuwa anarudi mweupe toka nyusi mpaka kucha.

Nilimutania. "Muzungu wangu amerudi!"

Tunacheka.

Kisha kikohozi kikaanza. Muchana kazini, afadhali. Usiku nyumbani ndiyo balaa: homa, kifua kinabana, anakaa kitandani ameshika magoti, anavuta hewa haiingii.

Dada yake mukubwa, yaya Marie, hakuchelewa kupata jibu.

"Juu ya nini anagonjwa mu nyumba yako tu? Ku kazi iko muzima. Mu kitanda yako njo anakufa!"

Nilimupeleka kliniki. Ba Misozi, mama mumoja dokta, akamusikiliza mugongo, akauliza anafanya kazi gani. Akatikisa kichwa.

"Ni vumbi ya kigayo. Mapafu yake yanalikataa. Linaingia muchana, linamuumiza usiku. Aache ile kazi. Akiendelea, mapafu yatakauka."

Hugues akaenda kumuambia ba Kaoma. Ba Kaoma alicheka mpaka akashika tumbo.

"Awe, mwe bantu! Hapana, jamani! Unga ni chakula. Chakula inaua mutu? Angalia ku nyumba yako."

Na yeye mwenyewe, mwenye kigayo, ndani haingii. Anaketi nje, mbali, upande upepo unakotoka.

Halafu mashini ikaharibika. Wiki nzima hakuna kusaga. Na wiki ile ile, bahati yangu mbaya, mama aliugua nikaenda kumuuguza Mantapala. Narudi, nakuta Hugues anapasua kuni huku anapiga miluzi.

Nilifurahi kama mujinga. "Umeona? Kigayo imesimama, umepona!"

Akakita shoka kwenye gogo.

"Weye haukukuwa hapa. Njo nikapona."

Hapo nilijua nimekwisha.

Mashini ikatengenezwa, akarudi kusaga. Nilimuomba aache, nikapiga magoti. Nikamushonea kitambaa cha kufunga puani. Akakichoma moto, eti nimekitia dawa.

Haukupita mwezi ndugu zake wakamupakia nyuma ya baiskeli kumupeleka kanisani. Ilikuwa Jumapili. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, vidole vilevile. Yaya Marie alinikokota kwa nywele mpaka mbele. Pasta Constantin akanisimamia kichwani.

"Sema! Muachilie!"

"Ni vumbi, Pasta! Uliza ba Misozi!"

Kofi. La yaya Marie. Kanisa nzima ikapiga kelele, "Sema! Sema!"

Nikamuangalia Hugues pale kwenye mukeka, mbavu zinapanda na kushuka. Nilimupenda yule mwanaume, jamani. Binti yetu Memory alikuwa amejificha kwenye kitenge changu. Nikaona wazi kwamba nikishikilia ukweli, huyu mutu anakufa leo ama kesho. Ukweli hawautaki. Uwongo watausikia.

Bon. Nikafungua kinywa.

"Ni mimi."

Pasta akainama asikie vizuri.

"Nilizika kintu chini ya mashini ya ba Kaoma. Imekwisha kuingia mu udongo, haitoki tena. Hugues akikanyaga kule, anakufa. Asipokanyaga, anapona."

Kanisa ililipuka kwa aleluya.

Na Hugues hakukanyaga tena! Mutu aliyekataa neno la dokta aliniamini mimi mulozi bila swali hata moja. Akaenda kulima Mwansabombwe kwa mujomba wake. Akapona. Akarudi kanisani kutoa ushuhuda, Mungu amemutoa mukononi mwa muke mubaya.

Memory walimuchukua. Mutoto analia "Mama!" na yaya Marie anamuziba mudomo. "Ule si mama yako. Usimuite tena."

Nilibaki peke yangu Kashikishi, nauza samaki kavu kando ya barabara, kwa wasionijua. Nililia nikachoka. Lakini nilijiambia, angalau anapumua. Memory ana baba.

Ba Kaoma akatafuta mutu mwingine wa kusaga, Fanwell, baba wa watoto. Mihogo ile ile, vumbi lile lile. Fanwell naye akaanza kuhangaika usiku.

Mwajua walikuja kwa nani?

Walikuja asubuhi, na mapanga na jerikani ya petroli. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Aliyetangulia, aliyepiga kelele kuliko wote bila kukohoa hata mara moja, alikuwa Hugues.

"Kuya uchimbue kintu yako! Fanwell anakufa!"

"Hugues, hakuna kintu! Nilidanganya juu nilitaka upone!"

"Na nilipona! Miye njo ushahidi!"

Nilitokea nyuma, miguu peku, nikakimbia kwenye mihogo ya watu huku paa la nyasi linashika moto.

Nilisikia baadaye. Walivunja sakafu ya kigayo wakachimba, wakakuta muchanga. Ba Kaoma akamwaga sementi mupya, akawasha mashini, Fanwell akarudi ndani. Mvua haikuwa imeanza walipomuzika. Wanasema nilimumaliza kwa hasira.

Niliko sasa sisemi. Ila wewe unayesaga, kama kifua kinabana ukitoka kazini na kazi ikisimama kinafunguka, toka mule ndani. Muache muke wako alale.

Na wewe dada unayetaka kuokoa mutu kwa uwongo, kimbia kwanza na mutoto wako, ndipo useme. Mimi walinisikiliza mara moja tu, na kwa neno lile wananitafuta mpaka leo.