Mshipa Mweupe wa Bijombo

Nilipowaambia wachimbaji kwamba napanda milima ya Bijombo kutafuta wolframu, mkubwa wao alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamke akikanyaga shimo, jiwe linakimbia."

"Basi nitalifuata huko linakokimbilia," nikamjibu.

Nilipanda na wifi yangu, mjane kama mimi, tukiwa na karai, sururu na unga wa muhogo. Kazi hiyo alinifundisha marehemu mume wangu. Wolframu ni jiwe jeusi, zito kupita umbo lake. Ukilisugua nyuma ya kigae cha sahani linaacha alama ya kahawia. Kijito kikigawanyika, osha mchanga wa kila mkono, kisha fuata mkono wenye chembe nyeusi.

Tulifuata siku nne. Baridi ilitupasua midomo. Mchungaji mmoja alitupatia maziwa, akatuomba tusichafue maji ya ng'ombe wake, nasi tukaoshea mchanga pembeni. Siku ya nne, juu ya maporomoko madogo, karai likatoka tupu.

"Turudi, wifi," akasema. "Imeisha."

"Haiyaisha. Tumeipita."

Tukashuka kidogo, tukakwea ukingo kwa magoti. Chini ya nyasi ulilala mshipa wa jiwe jeupe, umejaa vipande vyeusi vinavyong'aa. Nikasugua kimoja. Kahawia! Wifi alilia. Mimi nilipiga kelele hata ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa.

Wiki iliyofuata, tukiwa tumeanza kuchimba shimo, yule mkubwa akaja na wanaume sita.

"Weye mama, toka mu shimo. Hapa iko kazi ya wanaume."

"Minye sitoki," nikasema, nikakaa chini humo humo.

Yule mchungaji, aliyekuwa karibu na ng'ombe wake, akaenda kumwita chifu wa kilima. Chifu alipofika aliuliza swali moja tu: mshipa unaelekea wapi? Mkubwa akaonyesha kijitoni. Mimi nikahesabu hatua kumi kupanda mlima, nikachimba mbele yao hadi jiwe jeupe likatokea. Chifu akaamua: shimo ni letu, anayetaka kazi atuombe sisi.

Watatu kati ya wale sita waliomba, na bado tunachimba nao. Mkubwa alishuka bondeni hadi Luvungi akatangaza kwamba mimi ni mchawi. Atangaze. Juzi wanawake wawili wa kijiji cha Kiringye walipanda kuniuliza kama nitawafundisha. Nimewaambia waje Jumatatu, na wavae viatu vigumu.