Kokwa za Kisiwani

Kwetu Kisarawe mgeni haondoki mikono mitupu. Ukimtembelea mtu, anakuaga na nanasi, machungwa, au walau mche ukaupande kwako. Shangazi yangu hajawahi kuishi kwingine. Kwa hiyo tulipokwenda naye kutembelea hifadhi ya wanyama iliyoko kisiwani, alifika kwenye boti ya kurudi akiwa na kokwa za mti asioujua, amezifunga kwenye pindo la khanga.

Askari wa hifadhi, binti anayelingana na mwanangu, alimpa shikamoo yake, kisha akamweleza kwamba pale hakitoki kitu, hata jani. Mimi nilishamwambia hayo tangu nyumbani kwangu Kibaha, akanijibu kwamba Kibaha imenifanya mchoyo.

Shangazi alifungua pindo. Hakuzitupa zile kokwa ovyo. Alirudi mpaka chini ya mti wenyewe, akaziweka. Aliporudi kwenye boti alivua kandambili, akazigonganisha mpaka mchanga wote ukadondoka.

“Na mchanga wenu huo,” alimwambia yule binti. “Usije ukasema nimeondoka nao.”

Akapanda boti pekupeku.